Galaxian: Gemu ya Risasi Moja Iliyomaliza Betri ya Susu Kule Kyuso

Tarehe 30 Disemba 2024, watu wa kijiji cha Mukuku, Makueni, walikuwa wametulia zao mchana wakati kitu kilianguka kutoka juu. Kuenda kucheki, ni ringi kubwa ya chuma, upana wa karibu mita 2.5, uzito kama kilo 500. Kenya Space Agency wakakuja, wakaiangalia, wakasema uchunguzi wa kwanza unaonyesha ni kipande cha roketi, ile ringi huachana na roketi ikiwa safarini.

Mabeshte wangu wa Nairobi walinitumia meme usiku mzima. "Buda, watu wa Ukambani mmevamiwa."

Nilicheka tu. Kwetu Kyuso vita na wageni wa angani tulianza kupigana kitambo sana, na vilikuwa vinapiganiwa kwa TV ya Greatwall ya inchi 14, rangi nyeusi na nyeupe, imeshikanishwa na betri ya gari.

Kama ulikuwa mtoi kwa hizo miaka, hii gemu unaijua, hata kama hujawahi kujua jina yake. Ndege moja kidogo huku chini. Wageni wamejipanga juu kama wanafunzi wa parade. Wanasonga kushoto, wanasonga kulia, halafu ghafla mmoja anatoka kwa laini, anazunguka, anakushukia mzima mzima kama mwewe ameona kifaranga. Inaitwa Galaxian. Leo nataka tuivue nguo tuone venye inafanya kazi, juu ndani ya hiyo gemu kuna masomo mob kuliko yale nililipia karo.

Ilitoka wapi?

Stori inaanzia Japani. Mwaka wa 1978, jamaa anaitwa Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito alitoa Space Invaders. Hiyo ndio ilianzisha hii mambo yote ya ndege chini, wageni juu. Lakini wageni wa Space Invaders walikuwa wanatembea pamoja kama ng'ombe wanaenda mtoni. Kushoto, kulia, wanashuka hatua moja. Basi.

Unajua kitu kinafurahisha? Ukiwaua, wale wamebaki wanaongeza spidi. Wasee wengi hudhani huo ulikuwa ujanja umepangwa. Enyewe ni kwamba kompyuta ya hiyo mashine ilikuwa polepole, na kuchora wageni wengi kulikuwa kunailemea. Wakipungua, kazi inapungua, wanakimbia. Nishikado akaona hiyo shida imefanya gemu ikuwe tamu, akaiacha hivyo.

Mwaka uliofuata, 1979, kampuni ya Namco ikajibu na Galaxian. Mwenye aliichora anaitwa Kazunori Sawano. Hapa wageni wakaanza kuvunja laini. Kila mmoja anaweza kuamua kukushukia. Na walikuwa na rangi kamili: bluu, zambarau, nyekundu, na wale wakubwa wa manjano. Wakati huo mashine mingi za gemu zilikuwa bado za nyeusi na nyeupe, zingine zimebandikwa plastiki ya rangi juu ya kioo ndio ikae ni ya rangi. Galaxian ilikuja na rangi ya ukweli.

Sasa fikiria hiyo ironi. Gemu ilisifika dunia mzima juu ya rangi, na sisi kule Kyuso tuliicheza miaka kwa Greatwall, kila mgeni ni wa kijivu. Mara ya kwanza kuiona kwa TV ya rangi nilikuwa Mwingi kwa kinyozi, na nilidhani ni gemu ingine.

Hiyo ya 1979 ilikuwa ya mashine kubwa, zile unasimama mbele yake unaweka sarafu. Kuja kwa nyumba ilingoja Nintendo. Mwezi wa Julai 1983 walitoa Famicom kule Japani, ile Wamarekani walikuja kuijua kama NES. Galaxian ikaingia kwa Famicom mwaka wa 1984. Galaga, ambayo ni mdogo wake wa 1981, ikafuata 1985.

Watu wengi huchanganya hizo mbili, so shika hii: kama unaweza kuwa na risasi mbili hewani, na kuna mgeni anaweza kukuteka ndege na mwangaza halafu uikomboe ucheze na ndege mbili zimeshikana, hiyo ni Galaga. Kama una risasi moja tu, hiyo ni Galaxian. Hiyo mambo ya risasi moja tutairudia.

Ilifikaje Kyuso?

Kama hujawahi kufika, unashika barabara ya Thika kuelekea Garissa, unafika Mwingi, halafu unakunja kaskazini. Kyuso iko huko mbele, kabla ya Tseikuru. Ni kukavu, kuna jua haina adabu, na wakati huo kwa susu hakukuwa na stima.

Binamu yangu alirudi siku moja kutoka Mwingi na boksi. Ndani kulikuwa na mashine ya plastiki, pad mbili, na kaseti ya manjano imeandikwa "9999999 in 1". Sisi tuliita tu TV game. Wengine walikuwa wanaita Nintendo, lakini Nintendo hawakuwahi kuitengeneza. Hizo zilikuwa kopi za Famicom, nyingi kutoka Taiwan na China. Kule Urusi kopi kama hiyo iliitwa Dendy, Poland ikaitwa Pegasus. Watoi wa Moscow, Warsaw na Kyuso walikuwa wanacheza gemu moja na hawajuani.

Sasa, hizo gemu 9999999. Hebu tuseme ukweli. Ulikuwa unashuka kwa menu hadi kidole kinauma, halafu unapata ni zile zile. Kaseti ilikuwa na gemu saba, ama kumi, ama ishirini za ukweli. Zingine zote ni hizo hizo zimepewa jina lingine, ama zinaanzia levo ya mbele, ama ndege imeongezwa spidi. Na mara nyingi jina la kampuni yenye ilitengeneza lilikuwa limefutwa. Ndio maana tulikua bila kujua Namco ni nani. Sawano alifanya kazi, mtu mwingine akakula.

Lakini kwa nini Galaxian ilikuwa karibu kwa kila kaseti? Hapo ndio kuna siri yenyewe.

Kilobaiti 16

Galaxian ya Famicom ni ndogo hadi unashangaa. Programu yenyewe, yaani maagizo yote ya gemu, ni kilobaiti 8. Picha zote ni kilobaiti 8. Jumla 16. Ni kati ya gemu ndogo kabisa ziliwahi kutoka kwa hiyo mashine.

Wacha nikuwekee kwa lugha ya mtaa. Chukua picha moja ya WhatsApp ya kilobaiti 160, ile ya "good morning" mathe alituma kwa group ya familia. Hapo unaweza kuweka Galaxian 10. Bando ya MB moja, ile inaisha kabla Instagram ifunguke, inaweza kubeba 64.

Kwa msee wa kutengeneza kaseti feki hiyo ni mali. Memori ni doh, na gemu ndogo inamaanisha unajaza kaseti na gemu mob bila kutumia chipu kubwa. Hivyo ndio Galaxian ilitembea hadi ikafika mahali hata soda baridi haikuwa imefika.

Swali ni, waliwezaje kuweka vita mzima kwa kilobaiti 16?

Famicom ilikuwa na kompyuta inaenda spidi ya megahezi 1.79, na memori ya kufanyia kazi kilobaiti 2 tu. Ilikuwa inachora vitu kwa njia mbili. Ya kwanza ni ukuta wa nyuma, umetengenezwa na vipande vidogo kama vigae vya bafu, unapanga kimoja baada ya kingine. Ya pili ni vipicha vinavyotembea huru, kama ndege yako na risasi. Hivyo vipicha vilikuwa na sheria kali: 64 kwa skrini mzima, na visizidi 8 kwa laini moja ya kulala. Cha tisa hakionekani. Ndio maana kwa gemu mingi za hiyo mashine, vitu vikijaa pamoja unaona vinapepesa. Programu inavionyesha kwa zamu.

Kumbuka sasa wageni wa Galaxian. Kwa ile mashine kubwa ya 1979 walikuwa 46: wakubwa 2 huko juu kabisa, nyekundu 6, zambarau 8, halafu laini tatu za bluu, kila moja wageni 10. Wageni 10 kwa laini moja na sheria ni 8? Haiwezekani.

Ujanja ulikuwa huu, na ulitoka huko kwa mashine kubwa: wageni wakiwa kwa parade si vipicha. Ni ukuta. Wamechorwa kama vigae, na mashine inasongesha ukuta kushoto na kulia. Ni mgeni mwenye ametoka kwa laini kukushambulia pekee anageuzwa kuwa kipicha cha kutembea. Akitoka, kigae chake kinafutwa. Akirudi, anachorwa tena. Wewe unaona jeshi la watu 46 linapumua, kumbe wenye wako kazini ni wawili ama watatu.

Mimi nilisomea IT kwa college fulani hadi mwaka wa pili, halafu karo ikakataa nikatoka. Hii kitu ya vigae sikufunzwa huko. Nilifunzwa na binamu yangu, kwa meza ya mbao, akiwa amefungua hiyo TV game na bisibisi. Ndani kulikuwa na kijibodi kidogo na tone jeusi limeganda katikati kama lami. Chini ya hilo tone ndio Famicom mzima imefinywa.

Usiku wa betri

Ilikuwa likizo ya Agosti. Binamu alikuwa darasa la nane, KCPE ni Novemba. Betri ya gari kwa susu haikuwa ya TV peke yake. Ilikuwa inawasha balbu moja ndogo, na hiyo balbu ndio binamu alikuwa anasomea. Ikiisha, inafungwa kwa baiskeli, inapelekwa sokoni Kyuso kuchajiwa, unalipa, unarudi kesho yake. Na huo mwaka pesa ilikuwa ngumu, mvua ilikuwa imekataa.

TV game ilikuwa ya kutumia volti 9, betri inatoa 12. Binamu aliunga waya moja kwa moja. Ilifanya kazi juu ndani kuna kidude kinashusha umeme hadi volti 5, lakini kile kinabaki kinageuka kuwa joto. Ukiigusa ni kama pasi. Usijaribu hiyo kwako.

Mimi nilikuwa nimefikisha alama zangu za juu kabisa. Susu alikuwa ameshasema mara mbili tuzime. Binamu naye akasema tuzime. Mimi nikasema, "Moja tu ya mwisho." Shida ya Galaxian ni kwamba haina mwisho. Ukimaliza wageni, wanakuja wengine wakali kuliko wa kwanza. Hakuna siku unashinda, unachagua tu utakufa lini.

Skrini ikaanza kupungua. Picha ikawa ndogo, ndogo, halafu laini moja nyeupe, halafu giza. Na balbu nayo ikazima.

Susu hakunipiga. Aliwasha koroboi, akaiweka mbele ya binamu, akaniambia nikae hapo nimshikie kitabu hadi amalize. Moshi ulikuwa unatuingia macho wote wawili. Siku tatu betri haikuwa imechajiwa, na siku tatu nilishika hicho kitabu. Binamu hakuniambia kitu. Hiyo kimya ndio iliniuma kuliko fimbo.

Venye unacheza na risasi moja

Sasa nikupee siri za hii gemu, na zote zinatoka kwa kitu kimoja: una risasi moja. Ukiipiga, huwezi kupiga ingine hadi hiyo iguse mtu ama ipotee juu ya skrini.

Kwanza, usipige mbali ovyo. Ukilenga mgeni wa juu kabisa ukose, risasi inasafiri skrini mzima na wewe uko hapo chini mikono mitupu. Lakini mgeni akiwa karibu na wewe, risasi inamfika haraka, na unapata ingine haraka. Kumbe wale wanakushukia ndio nafasi yako. Mtu muoga kwa Galaxian anapiga risasi chache kuliko mtu jasiri.

Pili, usijibanze kwa kona. Wageni wanashuka wakipinda kukufuata. Ukiwa kona huna pa kuhepea. Kaa katikati, songa kidogo kidogo.

Tatu, mgeni akikupita chini hajaenda. Anatokea tena juu, anarudi kwa nafasi yake. So usimdharau mwenye amekukosa.

Nne, wale wakubwa wa manjano. Mkubwa akishuka huwa anakuja na walinzi, nyekundu mmoja ama wawili. Kwa ile mashine ya 1979, ukimuua mkubwa akiwa amekaa kwa laini unapata alama 60. Ukimuua akishuka peke yake, 150. Lakini akishuka na walinzi wawili, ukaanza na walinzi wote halafu ukamalizia na yeye, ni 800. Kazi hiyo hiyo, lakini mpangilio tofauti.

Tano, wakibaki wachache usifurahi. Hapo ndio wanakuwa wabaya, hawarudi tena kupumzika kwa laini, wanakushukia tu bila kuchoka.

Bado inachezeka?

Ndio. Kama unataka kwa njia halali, Bandai Namco walitoa mkusanyiko unaitwa Namco Museum Archives mwaka wa 2020, na Galaxian ya Famicom iko kwa Volume 1. Galaga iko kwa Volume 2. Kama una ile mashine ya kitambo, cheki TV yako kama ina shimo la AV, zile waya za manjano na nyeupe. Flat screen zingine hazipendi hiyo signali ya zamani: zinachelewa kidogo, na kwa gemu ya risasi moja kuchelewa kidogo ni kifo. Halafu ile bunduki ya kupiga bata, sahau. Ilikuwa inasoma mwangaza venye TV ya kichogo huuchora, kwa flat haifanyi kazi kabisa.

Disemba iliyopita nilienda ocha. Binamu siku hizi ni fundi, ana kibanda Kyuso, anatengeneza simu, redio na TV. KCPE alipita, kama ulikuwa unajiuliza. Stima ilifika. Susu alishatuacha.

Nilipata TV game iko kwa rafu yake, bado ile ile, amebadilisha waya na kuweka adapta ya ukweli. Msichana wake wa miaka saba alikuwa anacheza kwa TV ya rangi. Wageni wa bluu, zambarau, nyekundu, wote. Mkubwa wa manjano akatoka na walinzi wawili. Mimi nikajikuta nampigia kelele, "Piga! Piga sasa!"

Hakupiga. Alingoja hadi wakakaribia, akaangusha mlinzi wa kwanza, wa pili, halafu mkubwa mwenyewe.

Nikamuuliza binamu ni nani alimfunza hivyo.

Akasema, "Hakuna mtu. Hapa kwangu hakuna kuharibu betri."

Tukacheka hadi mteja akaacha simu yake akaenda. Halafu nikaomba pad. Moja tu ya mwisho.